Breki Isiyoachia

Kutoka Bonga kuja Babati mjini ni lami, na pikipiki inayopita hapo haina sababu ya kunuka. Ikifika kijiweni na harufu ya kitu kilichoungua, habu ya nyuma ina moto usiogusika, na dereva analalamika kwamba mafuta ya asubuhi yamekwisha kabla ya saa sita, wenzake hawana haja ya kuuliza. Breki imejam. Kinachofuata kimezoeleka. Mmoja anamwagia habu maji ya chupa hadi inatoa mvuke, mwingine anashika nati ya rodi na kuilegeza mizunguko mitatu. Gurudumu linazunguka. "Twende kazi." Jioni pikipiki ileile inarudi na ugonjwa uleule, na safari hii hata ikikanyagwa haisimami vizuri.

Maji yale hayakutibu kitu. Chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi ghafla kinaweza kupinda au hata kupasuka, na dramu iliyopinda ni ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani. Nati nayo iliondoa dalili tu na kuacha sababu ndani.

Breki ina kazi mbili, kubana na kuachia, na nguvu za kazi hizo hazilingani. Kubana kunafanywa na mguu wa mtu mzima, ukiongezewa nguvu na urefu wa pedeli. Kuachia kumeachiwa springi: moja ya pedeli, moja ya rodi, na mbili zilizo ndani ya dramu zinazovuta viatu vya breki virudi mahali pake. Kutu kidogo, tope lililokauka au grisi iliyogeuka gundi, mguu hausikii kabisa, lakini springi inashindwa navyo. Ndiyo maana breki inaweza kubana vizuri sana na bado isiachie. Fundi anayeijua kazi yake haanzi na nati. Anafuata njia ya kurudi, kiungo kwa kiungo, kutoka pedeli hadi viatu, mpaka aone mwendo unakwamia wapi.

Mazingira ya Babati hayaihurumii breki. Mji huu, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, uko kwenye njia panda: Arusha kaskazini, Singida magharibi, Kondoa na Dodoma kusini kwa barabara ya lami ambayo Rais John Magufuli aliizindua mwaka 2018. Lakini bodaboda haiishii kwenye lami. Inaingia kwenye vumbi la Galapo, inazama kwenye tope la mashamba ya mpunga ya Magugu, na inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Dareda kwenda Bashnet na Dongobesh. Kupanda ni kazi ya injini. Kushuka ndiko kunakoipima breki. Chukua pikipiki, dereva, abiria na mzigo, jumla kilo 250. Kwa kila mita 100 za wima wanazoshuka, kama kazi yote imeachiwa breki, linazaliwa joto la kutosha kuchemsha karibu robo tatu ya lita ya maji yaliyokuwa baridi. Dereva mzoefu anashusha gia ili injini ibebe sehemu ya mzigo huo. Ila breki iliyojam haina hata nafasi ya kupumua kati ya kona na kona, na inafika chini imeiva.

Hapo ndipo hatari inapogeuka sura. Dramu ikipata moto inapanuka na kujitenga na viatu, kwa hiyo pedeli inazama zaidi kabla ya kushika. Lainingi, yaani ile sehemu ya kiatu inayosugua, inang'aa kama kioo na kupoteza mshiko. Grisi ya beringi inayeyuka, inatiririka ndani ya habu na kuloanisha viatu. Breki iliyokuwa haiachii inakuwa breki isiyoshika, na dereva anaambiwa ana matatizo mawili wakati tatizo lilikuwa moja.

Kabla ya kufungua bolti yoyote ni lazima kuhakikisha kwamba mkosaji ni breki kweli. Jaribio la kwanza linafanyika barabarani, mahali tambarare pasipo na magari: mwendo wa kawaida, klachi ibanwe, pikipiki iachwe ijiendee. Nzima inateleza na kupungua mwendo taratibu. Inayoshikwa na kitu inakufa haraka. Baada ya kilomita chache bila kukanyaga breki, kiganja kisogezwe karibu na kila habu bila kuigusa, kwa sababu diski au dramu iliyochemka inaunguza ngozi papo hapo. Habu moja ikiwa na joto na nyingine baridi, jibu limeanza kujitokeza.

Jaribio la pili linafanyika kwenye stendi kubwa, gia ikiwa nyutro. Gurudumu la nyuma lizungushwe kwa mkono na masikio yafanye kazi. Sauti ya kusugua mfululizo ni ya viatu vinavyogusa dramu pande zote. Sauti inayokuja na kuondoka mara moja kila mzunguko inatuambia dramu haiko duara tena, mara nyingi kwa sababu spoki zimekazwa upande mmoja zaidi au rimu imegonga shimo. Mkwaruzo wa chuma juu ya chuma unasema lainingi imekwisha. Mngurumo mzito unaosikika hata breki ikiwa imelegezwa kabisa ni wa beringi, na gurudumu likitikiswa kushoto na kulia litacheza. Cheni nayo isisahauliwe. Cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa inazuia gurudumu vilevile, na wapo madereva waliobadilisha viatu vya breki vilivyokuwa vizima kwa kosa la cheni.

Wakati wa masika kuna mshukiwa mwingine, na ni wa kuchekesha kidogo: tope. Udongo wa mfinyanzi unajaa kati ya tairi na madigadi, unakauka, na tairi linazunguka ndani ya tofali. Kijiti na maji ya ndoo vinamaliza kesi hiyo bila fundi.

Sasa breki yenyewe. Boxer nyingi zinazobeba abiria Babati zina dramu mbele na nyuma, na hata pikipiki zenye diski mbele kwa kawaida zimebaki na dramu nyuma. Kwa hiyo dramu ya nyuma ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi, nayo ndiyo inayokanyagwa siku nzima. Mazungumzo kati ya dereva kijana na fundi mwenye umri hayachukui dakika.

"Shikamoo fundi. Breki ya nyuma inajam."

"Marahaba. Cheni umekaza lini?"

"Juzi."

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Kukaza cheni ni kulirudisha gurudumu nyuma. Rodi ya breki urefu wake haujabadilika, na pedeli haikusogea, kwa hiyo gurudumu likienda nyuma rodi inauvuta mkono wa breki ulio kwenye habu. Milimita chache zinatosha kuondoa mchezo wote wa pedeli. Breki inaanza kubana kabla dereva hajaweka mguu, na joto linajengeka safari nzima. Kila cheni inapokazwa, breki nayo ipimwe upya. Kipimo cha kawaida kwa pikipiki za aina hii ni pedeli kushuka bure sentimita 2 hadi 3 kabla viatu havijaanza kugusa. Kitabu cha pikipiki husika kikisema vinginevyo, kifuatwe kitabu. Ikiwa sababu ni hiyo tu, nati inalegezwa mpaka mchezo urudi, na hii ndiyo hali pekee ambayo kulegeza nati ni matengenezo halali.

Kuna mtego ndani ya kipimo hicho. Kwenye stendi kubwa gurudumu linaning'inia, shokapu zimenyooka. Dereva akikaa, abiria akapanda na gunia likafungwa nyuma, uma wa nyuma unainuka na mvutano wa rodi unabadilika. Pikipiki iliyozunguka laini gereji inaweza kubana ikiwa imebeba. Kwa hiyo baada ya kurekebisha, watu wawili wakae kitini, wa tatu aangalie kama pedeli bado ina mchezo, kisha wasukumwe hatua chache. Kubeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ni kosa barabarani, hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba abiria wa pili na wa tatu wanaweza kuwa ndio wanaokanyaga breki bila dereva kujua.

Ikiwa cheni haina hatia, safari ya kufuata kiungo kwa kiungo inaanza mguuni. Pedeli inazunguka kwenye pini yake chini ya fremu, mahali ambapo tope la gurudumu la mbele linatua moja kwa moja. Rodi itolewe kwenye mkono wa breki, pedeli ibonyezwe kwa kidole na kuachiwa. Irudi juu kwa kishindo. Ikirudi kwa uvivu, kosa limepatikana bila kufungua gurudumu: pini itolewe, isuguliwe kwa msasa, ipakwe grisi, na springi iliyochoka ibadilishwe. Kazi ya robo saa. Ajabu ni kwamba pedeli nyingi zina miaka bila kuguswa, huku viatu vya ndani vikibadilishwa kila mara.

Pedeli ikiwa salama, mkono wa breki kwenye habu usukumwe kwa mkono ukiwa umetengwa na rodi. Unatakiwa kwenda na kurudi wenyewe. Ukibaki pale ulipoachwa, ugonjwa uko kwenye kemu, kile kijiti cha chuma kinachopenya sahani ya breki na kuwa na kichwa bapa ndani. Kichwa hicho kikigeuka kinatenganisha viatu viwili vigandamize dramu. Shingo ya kemu hupita kwenye tundu lenye grisi kidogo tu, na grisi hiyo haidumu milele: maji ya mto yanaisafisha, vumbi linaigeuza kuwa tope gumu, kutu inakamilisha. Katika orodha ya sababu za breki ya dramu kutoachia, kemu kavu ndiyo ya kwanza kushukiwa baada ya marekebisho mabaya.

Kuifikia, gurudumu linatoka. Kabla mkono wa breki haujachomolewa kwenye meno ya kemu, alama iwekwe kwa patasi au rangi ili urudi palepale. Viatu vinatolewa kwa pamoja kwa kukunjwa katikati, kemu inasukumwa nje, inasuguliwa kwa msasa mlaini hadi ing'ae, na tundu lake linasafishwa kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti. Grisi inayofaa ni ile inayovumilia joto, na inapakwa kwa ncha ya kidole: shingoni mwa kemu, kwenye kichwa chake bapa, na kwenye pini ambayo viatu vinaegemea upande wa pili. Basi. Grisi nyingi ni adui. Ikichemka inatiririka hadi kwenye lainingi, na kiatu kilicholowa grisi hakioshwi kikapona; kinabadilishwa. Vivyo hivyo mafuta ya kupuliza yanayolegeza kutu: ni mazuri kwa bolti, lakini yakipulizwa kwenye sahani iliyofungwa yanaingia ndani na kuharibu kiatu.

Gurudumu likiwa nje, kuna mambo ya kuangaliwa kwa jicho kali. Springi mbili zinazounganisha viatu ziwe na mvuto sawa, koili zake zikiwa zimeshikana. Iliyonyooka au kubadilika rangi kwa moto itupwe. Lainingi ipimwe unene: ikifika milimita 2 imekwisha, hata kama macho yanaona bado ipo. Iangaliwe pia kama imeshikamana na chuma. Katika viatu vya bei rahisi gundi huachia, kipande cha lainingi kinanyofoka na kujipachika kati ya kiatu na dramu, na gurudumu linafunga ghafla. Kwenye lami ya kwenda Magugu, mwendo ukiwa mkubwa, huko ni kuanguka moja kwa moja.

Kisha kuna kosa ambalo madereva wanalitengeneza kwa mikono yao. Lainingi inavyokwisha, nati inakazwa. Inakwisha tena, inakazwa tena. Kila mara kemu inalazimika kugeuka zaidi ili kufikia dramu, hadi siku kichwa chake bapa kinasimama wima kabisa kati ya viatu. Kikifika hapo springi haziwezi kukirudisha, maana zinakibana juu na chini badala ya kukigeuza. Breki imefunga na haitafunguka. Watengenezaji waliliona hili zamani: pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye shingo ya kemu na alama kwenye sahani, na breki ikikanyagwa mshale ukafika kwenye alama, viatu vimekwisha. Gereji nyingine wanakwepa gharama kwa kuuchomoa mkono wa breki na kuurudisha jino moja nyuma, nati ikapata tena nafasi ya kukazwa. Huo ni udanganyifu, hata ukifanywa kwa huruma. Mkono unaonekana mpya, kemu imefika ukingoni.

Dramu yenyewe ipitishiwe kidole. Ukingo uliojitokeza pembeni unaonyesha ilivyolika, na viatu vipya vipana vinaweza kugusa ukingo huo na kubana. Mara nyingi ndani ya dramu kumechorwa namba ya kipenyo cha mwisho. Ikizidi hapo, habu haifai. Kutu nyepesi baada ya mvua ni jambo jingine. Pikipiki iliyopita kwenye maji ikalala nje usiku kucha inaweza kuamka viatu vimegandana na dramu. Isilazimishwe kwa injini. Isukumwe mbele na nyuma mara chache hadi isikike ikiachia, halafu mita mia za kwanza breki ikanyagwe kidogo kidogo ikauke.

Onyo moja kuhusu vumbi. Unga mweusi unaoukuta ndani ya dramu usipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, ingawa ndivyo inavyofanyika kila mahali. Lainingi nyingine zimetengenezwa kwa asbesto, ambayo inasababisha saratani ya mapafu, na hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa macho. Kitambaa kibichi kinatosha.

Kurudisha gurudumu kuna ujanja wake, na wengi wanauruka. Nati ya ekseli isikazwe kabisa kwanza. Gurudumu lizungushwe, breki ikanyagwe kwa nguvu na kushikiliwa, ndipo nati ikazwe mguu ukiwa bado umekanyaga. Kwa kufanya hivyo viatu vinaiweka sahani katikati ya dramu. Bila hivyo sahani inakaa upande, kiatu kimoja kinagusa muda wote, na mteja anarudi kesho yake akidai spea ni feki. Kiungo kinachozuia sahani isizunguke, kile chuma kinachoifunga kwenye uma wa nyuma, kirudishwe na pini yake ya usalama. Kikikosekana, siku breki itakapokanyagwa kwa nguvu sahani yote itazunguka na gurudumu.

Breki ya mbele ya dramu ina tabia zilezile ndani, ila badala ya rodi ina waya, na waya ndio unaopaswa kushukiwa mwanzo. Utolewe kwenye mkono wa breki na uvutwe kwa vidole: uteleze. Ukikwaruza, nyuzi zimekatika au maji yameingia ndani ya ganda na kutu imeujaza. Unaweza kudondoshewa mafuta mepesi kutoka juu, usiku mzima ukining'inia, lakini waya wenye nyuzi zilizokatika unabadilishwa bila mjadala. Jaribio jingine ni usukani. Gurudumu likizunguka huru usukani ukiwa umenyooka na kubana ukikatwa kushoto au kulia, waya umepitishwa vibaya au umebanwa na kitu, kwa kawaida baada ya mtu kubadilisha taa au kufunga kishikio cha simu. Leva ya mkononi inatakiwa iwe na mchezo wa sentimita 1 hadi 2 nchani.

Diski ni ulimwengu mwingine. Baadhi ya TVS na baadhi ya pikipiki za Kichina zina diski mbele, na hapo kinachosukuma ni mafuta. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye diski hakuna springi ya kurudisha pistoni ya kalipa, ile sehemu inayobana pedi kwenye diski. Kinachoirudisha ni raba inayoizunguka: pistoni ikisukumwa, raba inapinda nayo, leva ikiachiwa, raba inajinyoosha na kuivuta nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Sehemu ndogo hiyo ndiyo nafasi yote iliyopo. Kwa hiyo diski nzima ikizungushwa husikika ikigusa pedi kwa mbali sana, na hilo si kosa. Kosa ni pale gurudumu linapokataa kuzunguka mizunguko miwili mitatu kwa msukumo mmoja wa mkono.

Kujua ugonjwa uko upande gani, kuna njia ya haraka. Gurudumu likiwa limebana, nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa ilegezwe kidogo, kitambaa kikiwa chini yake. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, shinikizo lilinaswa juu: ni masta silinda, ile pampu inayosukumwa na leva, au paipu. Gurudumu likibaki limebana hata baada ya mafuta kutoka, kalipa yenyewe imekwama, iwe ni pistoni yenye kutu au pini ambazo kalipa inatelezea. Kutenganisha masta silinda na paipu, breki ibanwe tena hadi ikwame, kisha bolti ya paipu pale juu kwenye masta silinda ilegezwe. Ikiachia, masta silinda ina kesi. Isipoachia, paipu imevimba kwa ndani, inaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi, ingawa kwa nje inaonekana mpya.

Masta silinda ina tundu la kurudishia mafuta kwenye kikopo, jembamba sana, mara nyingi lisilofika milimita moja. Chembe ya uchafu inaliziba. Leva isiyo na mchezo inaliziba pia, kwa sababu pistoni ya juu hairudi mpaka mwisho. Na hili hutokea pikipiki ikianguka na leva ikapinda, au mtu akifunga leva ya pikipiki nyingine. Mafuta yanapopata moto yanatanuka, hayana pa kurudi, breki inajibana yenyewe kadiri safari inavyoendelea. Dereva anayesema "asubuhi iko sawa, mchana inashika" mara nyingi anaelezea kitu hiki hasa.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi joto 230, lakini ikishakunywa maji kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka hadi 155. DOT 3 inashuka kutoka 205 hadi 140. Maji hayohayo yanaleta kutu kwenye pistoni. Kubadilisha mafuta kila baada ya miaka miwili kunazuia yote mawili. La kukataza kabisa ni kuongeza mafuta ya injini kwenye kikopo cha breki kwa sababu "yote ni mafuta". Raba za breki zikiguswa na mafuta ya injini zinavimba, pistoni inashikwa, na kila raba kuanzia juu hadi chini inakuwa ya kutupa. Pini za kalipa nazo zinapakwa grisi maalumu ya silikoni, si ile ya beringi.

Gharama ndiyo inayowafanya madereva waishi na breki mbovu, na hapa mwenye pikipiki ana lake la kujibu. Kijana anayepeleka hesabu kila jioni, na ambaye spea zinatoka mfukoni mwake, atalegeza nati mara kumi kabla ya kununua viatu. Mkataba unaoweka breki na matairi upande wa tajiri unamfaa tajiri mwenyewe: habu iliyopasuka, beringi zilizoungua na mafuta yanayotumika kuisukuma breki iliyobana vinazidi thamani ya viatu na springi zake. Kijana anayetaka kujifunza kazi hii kwa misingi anaweza kuulizia mafunzo chuo cha VETA Manyara, hapohapo Babati.

Ikitokea breki ikafunga njiani, tuseme chini ya mteremko wa Dareda jua likizama, abiria ashuke. Pikipiki iachwe ipoe yenyewe kivulini, nusu saa au zaidi, bila maji. Tope liondolewe, pedeli na mkono wa breki vitikiswe, nati ya rodi ilegezwe kiasi tu cha kuruhusu gurudumu kuzunguka huku breki bado ikishika. Safari ya kurudi mjini iwe ya polepole, bila abiria, gia ndogo, breki ya mbele ikitangulia, na iishie kwa fundi badala ya kijiweni. Kama ni gurudumu lililofunga ghafla kwa kishindo, isiendeshwe kabisa, ipakiwe.

Viatu au pedi mpya zikishafungwa, zitumiwe kwa upole kwa kilomita kadhaa za mwanzo zizoeane na dramu au diski, kisha mchezo wa pedeli upimwe tena, maana utakuwa umeongezeka. Na kabla ya kumlipa fundi, omba uvione viatu vilivyovuliwa na kemu iliyosafishwa. Kama kemu bado ina kutu, kazi haijafanyika, mwambie afungue tena.